Kazi yako na AI: jinsi ya kuandika "HAIUZWI" mahali ambapo roboti ataiona

Wadau, hii ni kwa wale wote mnaoandika, mnaopiga picha, mnaochora, mnaorekodi sauti, mnaotunga mashairi mkayatupia mtandaoni halafu mnabaki kulalamika kwamba AI inakula jasho lenu. Kulalamika ruksa, ila kuna mambo unaweza kuyafanya leoleo jioni na bando lako la kawaida, na mengi ni bure. Nitaenda hatua kwa hatua, zipo ndefu na zipo za mistari michache, usishangae.

Kabla ya yote tuelewane. Roboti ninaowasema humu ni programu zinazozunguka mtandaoni zikisoma na kuzoa kurasa. Unazijua zile nyumba za mjini zilizoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI? Yale maandishi hayafungi mlango na tapeli akitaka kumleta mteja atamleta tu, lakini siku ya kesi mnunuzi atapata kazi kusema eti hakujua. Ishara unazowawekea roboti wa AI ndo ziko hivyo, ni tangazo na wala sio kufuli, na nasema mapema kwa sababu kuna watu wanaweka mstari mmoja kwenye saiti wanalala usingizi mzito wakidhani wamejifungia ndani. Hata hati rasmi ya robots.txt (faili la kuwaambia roboti waingie au wasiingie, tutalifikia hatua ya 3), ile RFC 9309 ya mwaka 2022, inasema yenyewe wazi kwamba kanuni zake sio njia ya kumzuia mtu kuingia.

Sasa kwa nini uhangaike? Kwa sababu sheria zimeanza kuyapa hayo maandishi uzito. Umoja wa Ulaya, kwenye direktivu yao (agizo la kisheria kwa nchi wanachama) ya hakimiliki ya 2019, wanasema kampuni inaweza kuzoa kazi zilizo wazi mtandaoni kwa ajili ya uchambuzi wa data isipokuwa mwenye kazi amekataa, na kama kazi iko mtandaoni basi akatae kwa namna ambayo mashine inaweza kusoma. Umeona hapo, ukikaa kimya ni kama umekubali. Halafu ikaja sheria yao ya AI ya 2024 inayowataka wenye modeli kubwa (ile mifumo yenyewe ya AI) wanaouza Ulaya wawe na utaratibu wa kuheshimu hayo makatazo, na kwenye mwongozo wa utendaji uliotoka Julai 2025 kampuni zilizosaini zimeahidi kufuata robots.txt. Kwa hiyo kijifaili chako ulichokiandika ukiwa Mwanza kinaweza kumgusa mtu anayeuza modeli Ulaya, ndo maana nasema usidharau.

HATUA YA 1: Amua unakataa nini hasa

Hapa ndo wengi wanaparamia. Wanasema "sitaki AI" basi. Lakini roboti wanakuja kwako kwa shughuli tatu tofauti na kila moja unaweza kuipa jibu lake.

Kuna kufundishia, yaani kazi yako inachukuliwa inaingizwa kwenye modeli, na ikishaingia haitoki kirahisi. Kuna kujibia, mtu anauliza swali sasa hivi, AI inakimbilia ukurasa wako, inasoma, inamjibu, pengine inaweka linki yako pengine inaiweka pale chini kwa herufi za kusoma na miwani. Na kuna kutafutwa, ile ya siku zote ya kuonekana Google na kwingineko.

Maoni yangu mimi, na unaweza kukataa: kwa sisi tunaoandika Kiswahili usifunge vyote kwa hasira. Chukua mtu ana blogu ya ufugaji wa kuku, ameandika vizuri kabisa kuhusu mdondo, dalili zake na ratiba ya chanjo. Akifunga milango yote, mfugaji wa Singida akiuliza kwenye simu yake atajibiwa na tafsiri ya ajabuajabu iliyotoka lugha nyingine na yule aliyeandika vizuri hatajulikana kabisa. Huyo ningemwambia kataza kufundishia kama unataka, kuonekana na kujibia uache wazi, sababu chakula chako kinatokana na watu kukujua.

Mshairi ni kesi nyingine. Shairi la beti sita likisomwa lote kwenye jibu la AI hakuna kilichobaki cha kumleta mtu kwako, shairi lenyewe ndo bidhaa. Huyo afunge kujibia pia. Mpiga picha naye hivyohivyo kwa picha kubwa, ila picha ndogo zenye jina lake aziache zitembee.

Sasa chukua daftari uandike jibu lako kwa sentensi moja, mfano "kufundishia hapana, kujibia ndiyo ukiweka linki, kutafutwa ndiyo". Hatua zote zinazofuata ni kuirudia sentensi hiyohiyo sehemu tofauti, ukiibadilisha badilisha kote maana ukiandika hapana huku na ndiyo kule unampa mtu upenyo.

HATUA YA 2: Pita kwenye akaunti zako

Wengi wetu hatuna saiti, tuna akaunti, na kwenye akaunti mwenye nyumba ni kampuni, wewe ni mpangaji, unachagua kutoka kwenye vile alivyokuwekea tu.

YouTube wameweka kitufe tangu mwishoni mwa 2024. Ingia Studio, setingi, chaneli, setingi za ziada, utakuta sehemu ya "Third-party training". Imezimwa tangu mwanzo, kwa hiyo kama hujaigusa uko salama kwa upande huo. Ila soma vizuri, ni ruhusa kwa kampuni nyingine za nje, haimhusu Google mwenyewe.

LinkedIn iko kinyume, wao wameiwasha wenyewe, unaingia setingi, faragha ya data, unatafuta sehemu inayotaja kuboresha AI unazima. Wanakwambia kabisa kwamba kuzima hakurudishi kilichokwishafundishiwa. X nayo ingia faragha na usalama, tafuta neno Grok (ndo AI yao), toa tiki.

Facebook na Instagram hapo kuna maumivu. Meta wenyewe wamesema wanatumia posti na picha za wazi za watu wazima kufundishia AI yao. Ndugu yako aliyeko Ujerumani ana fomu ya kupinga kwa sababu ya sheria zao za data, wewe uliyeko Morogoro kitufe cha namna hiyo hujawekewa. Ulichonacho ni kuchagua nani anaona: ukiweka "marafiki" badala ya "kila mtu" umeitoa kazi kwenye lile fungu la wazi. Shida ni kwamba msanii akijifungia kwa marafiki atauza kwa nani, kwa hiyo wengi wanaishia na ujanja wa kati, yaani kipande cha wazi pale na kazi nzima wanaiweka kwenye saiti yao au wanaituma kwa waliolipia.

Wenye blogu za WordPress.com, kwenye setingi za faragha kuna sehemu ya kuzuia kushirikisha maudhui yako na kampuni za nje, iweke tiki. Substack wana kitufe cha kukataa mafunzo ya AI, na Squarespace wanacho. Zunguka, angalia kila ulipo, andika tarehe uliyozima na piga skrinshoti. Skrinshoti tutaihitaji baadaye.

HATUA YA 3: robots.txt, kama una domeini yako

Hii ndo hatua yenyewe hasa, kaa vizuri. robots.txt ni faili la maandishi matupu linalokaa kwenye mzizi wa saiti, yaani folda yake kuu, na utaratibu wake upo tangu 1994 enzi za injini za kutafuta za mwanzo. Roboti mwenye adabu akifika anasoma hilo kwanza kabla hajagusa kitu.

Angalia kama unalo: andika anwani ya saiti yako kwenye brauza, ongeza /robots.txt mwishoni, bonyeza. Likifunguka utaona mistari michache, lisipofunguka huna.

Mfano wa mtu anayekataa kufundishia tu:

User-agent: GPTBot
User-agent: ClaudeBot
User-agent: CCBot
User-agent: Google-Extended
User-agent: Applebot-Extended
User-agent: Meta-ExternalAgent
Disallow: /

User-agent: *
Allow: /

Tuyasome. User-agent ni jina la roboti unayemwambia. GPTBot ni wa OpenAI (wenye ChatGPT), ndo anayekusanya vya kufundishia, walimtangaza Agosti 2023. ClaudeBot ni wa Anthropic (wenye Claude), na Meta-ExternalAgent ni wa Meta. CCBot ni wa Common Crawl, hawa sio kampuni ya AI ila wanahifadhi nakala za mtandao na modeli nyingi zimefundishwa kutoka kwenye ghala lao, kwa hiyo ukimsahau huyu umefunga mlango wa mbele umeacha wa uani. Google-Extended na Applebot-Extended sio roboti wanaotembea kabisa, ni majina tu ambayo Google na Apple wanayatafuta kwenye faili lako ili wajue kama wakitumie kwa ajili ya AI kile walichokwishakichukua. Google wanasema kumkataza Google-Extended hakushushi nafasi yako kwenye kutafutwa. Disallow: / maana yake saiti yote. Mstari wa nyota ni "wengine wote", hao tumewaachia.

Ukitaka kukataa kujibia pia, ongeza majina ya wale wa shughuli hiyo: OAI-SearchBot na ChatGPT-User wa OpenAI, Claude-SearchBot na Claude-User wa Anthropic, PerplexityBot. Ujue tu kwamba hao wenye "User" wanatumwa na mtu aliyeuliza muda huohuo na sio kampuni zote zinawahesabu kama roboti wa kufuata hilo faili.

Mitego ya hapa:

Jina la faili ni herufi ndogo zote, robots.txt, na linakaa kwenye mzizi. Ukiliweka ndani ya folda ya blogu halisomwi. Na kama una domeini ndogo, mfano duka lako liko kwenye anwani yake, na yenyewe inataka faili lake.

Roboti anafuata kundi lililomtaja jina, akishajikuta humo hasomi tena lile la nyota. Kwa hiyo kama kwenye nyota ulikataza folda fulani za siri na GPTBot ukampa kundi lake, yale makatazo ya nyota hayamhusu, inabidi uyarudie kwake.

Usije ukaandika Disallow: / chini ya nyota. Hiyo ni kuwafukuza wote Google akiwemo, baada ya wiki kadhaa unashangaa wageni wamepotelea wapi.

Na yale majibu ya AI yanayotokea juu kabisa ya Google, hayo hayazuiwi na Google-Extended, yanatumia Googlebot yuleyule wa kutafuta. Njia iliyopo ni kuweka neno nosnippet kwenye kodi ya ukurasa, ila ukiweka hiyo hata yale maelezo mafupi chini ya jina la ukurasa wako yanatoweka. Yaani wamekubana kotekote, mimi hii naiona sio haki kabisa ila ndo hali.

Unaliwekaje? Kwenye Blogger ingia setingi shuka hadi sehemu ya utambazaji na uorodheshaji, washa robots.txt maalum, pesti, hifadhi. Kwenye WordPress ya hostingi yako tumia plagini ya SEO (za kusaidia saiti ionekane kwenye kutafutwa) kama Yoast, ina sehemu ya kuhariri faili, au ingia cPanel (paneli ya kusimamia hostingi), folda ya public_html, tengeneza faili jipya. Ukimaliza rudi kwenye brauza ufungue ile anwani tena uone kama maneno yako yanatokea. Usipoyaona, futa kashe kwanza kabla hujapaniki.

HATUA YA 4: Lugha mpya zaidi, na geti kwa anayetaka geti

robots.txt inajua "ingia" na "usiingie" tu, haijui "ingia lakini usifundishie". Ndo maana 2025 zilitoka njia kadhaa za kuongezea. Cloudflare, kampuni ambayo saiti nyingi zinapitisha wageni wao kwake kwanza, walileta mstari huu ambao unauweka humohumo:

User-agent: *
Content-Signal: search=yes, ai-train=no
Allow: /

Kuna pia ai-input, hiyo ni ya kujibia. Uzuri wake inasema kwa shughuli na sio kwa majina, hivyo hata roboti aliyezaliwa jana imemfikia. IETF, wale wanaotunga kanuni za intaneti, nao wana kikundi cha kazi kinaitwa AIPREF kinachotafuta msamiati mmoja wa kukubaliana wote. Kwa wachapishaji wanaotaka kusema "lipa kwanza" kuna RSL, faili la masharti ambalo robots.txt inalielekezea. Kwa mtu mmoja mwenye blogu hiyo ya RSL naona mapema mno, lakini gazeti au nyumba ya vitabu ningewaambia waiangalie.

Utasikia pia habari za noai na noimageai, zilianzia DeviantArt (saiti ya wachoraji) mwaka 2022, ni maneno unayaweka kwenye kichwa cha ukurasa. Sio kanuni rasmi. Weka, hayana madhara, ila usiyategemee yenyewe tu.

Anayetaka geti kweli apitishe saiti yake Cloudflare, hata mpango wa bure una kitufe cha kuzuia roboti wa AI, na hapo sasa roboti anarudishwa kabla hajafika kwako, haijalishi amesoma tangazo au hajasoma. Wachoraji wana Glaze na Nightshade kutoka Chuo Kikuu cha Chicago, hizo zinabadilisha picha kidogo jicho lisione ila modeli ichanganyikiwe. Zinataka kompyuta yenye nguvu na zinachukua muda, jipange.

HATUA YA 5: Ndani ya faili lenyewe

Picha ikishatoka kwenye saiti yako inatembea peke yake, robots.txt haiifuati. Kwa hiyo andika ndani yake. Kwenye Lightroom au programu yoyote inayofungua taarifa za picha jaza jina la mwenye kazi, tamko la hakimiliki na masharti ya matumizi, na kwenye masharti weka ile sentensi yako. Kiwango cha IPTC, kile cha taarifa zinazoandikwa ndani ya picha, tangu 2023 kina nafasi maalum ya kusema kama picha inaruhusiwa kufundishia AI, programu mpya zinaionyesha. Adobe nao wana huduma ya Content Credentials inayobandika jina lako pamoja na katazo hilo kwenye picha.

Angalizo: ukituma picha WhatsApp kama picha, taarifa zote hizo zinafutika. Itume kama dokumenti. Mteja akisema "nirushie tu WhatsApp", sawa, rusha, ila kama dokumenti.

HATUA YA 6: Iandike na kwa lugha ya watu

Chini ya kila ukurasa, kwenye bayo, mwanzoni mwa kitabu cha PDF. Mfano wa maneno: "Hakimiliki ni ya mwandishi. Kazi hii hairuhusiwi kutumika kufundishia mifumo ya akili mnemba bila ruhusa ya maandishi. Kwa ruhusa andika barua pepe hapa." Weka barua pepe kweli, sababu ukisema omba ruhusa halafu hupatikani umesema nini sasa. Weka na toleo la Kiingereza kwa ajili ya mwanasheria wa kampuni asiyejua Kiswahili.

Kuhusu leseni za Creative Commons (zile leseni za bure zilizokwishaandikwa, unachagua tu) watu wanachanganya sana. Ukiweka CC BY umeruhusu watu watumie wakutaje jina, na leseni hizi hazirudishwi nyuma, aliyeichukua jana chini ya leseni hiyo anaendelea nayo hata ukibadilisha leo. Ile ya NC inayokataza biashara sio ngao kamili ya AI, maana pale sheria ya nchi inaporuhusu kuzoa bila ruhusa basi leseni haifiki hata kuulizwa, Creative Commons wenyewe wanalisema hilo. Na CC0 ni kuachia kila kitu. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ule ambao Waswahili wengi wamechangia sauti, unatoa data zake kwa CC0, maana yake kampuni yoyote duniani inaweza kuchukua. Mimi sioni ubaya kuchangia pale, lugha yetu inahitaji, ila changia ukijua.

Wanaotaka kusema ndiyo yenye masharti wapo pia. Kuna leseni ya Nwulite Obodo, imetengenezwa na wanasheria wa Afrika wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Pretoria kwa ajili ya data za lugha zetu, wazo lake ni kwamba watumiaji wa nchi zinazoendelea wanapata kwa wepesi na wengine wenye uwezo wanatakiwa warudishe faida kwa jamii iliyotoa. Wenye mkusanyiko wa methali, hadithi za wazee au rekodi za lahaja waisome kabla ya kuachia faili.

HATUA YA 7: Mkataba, hasa watu wa sauti

Hapa kwetu kazi nyingi haziibiwi na roboti, zinasainiwa. Unapewa karatasi studio, umechoka, hela ipo mezani, kuna sentensi inasema "haki zote, milele, kwa teknolojia zote zilizopo na zitakazokuja". Hiyo sentensi ndo inayomruhusu mtu atengeneze sauti ya bandia inayofanana na yako na asikuite tena. Kata, andika hii:

"Msanii anaruhusu rekodi hii itumike kwa tangazo lililotajwa hapo juu tu, kwa muda wa miezi 6. Mteja, au mtu yeyote atakayepewa rekodi na mteja, haruhusiwi kuitumia kufundishia mfumo wa AI, kutengeneza sauti inayofanana na ya msanii, wala kuiuza kama data, bila makubaliano mapya ya maandishi na malipo tofauti."

Mteja akikataa kusaini hiyo umeshajua alichokuwa anakitaka.

Zile kazi za kulipwa kusoma sentensi za Kiswahili kwenye simu hapo unauza data moja kwa moja, sio dhambi, ila uliza nani anamiliki rekodi, zinatumika kwa nini, na je unaweza kujitoa. Sauti inayokutambulisha ni taarifa yako binafsi, Tanzania tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 na Kenya wana ya kwao ya 2019, kwa hiyo una pa kusimamia unapouliza.

HATUA YA 8: Sajili, tunza ushahidi

Hakimiliki unayo tangu ulipoiandika kazi, lakini usajili ni karatasi ya kuonyesha. Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO, Uganda ni URSB. Kama una kitabu kinachouzwa Marekani fikiria na ofisi yao ya hakimiliki. Kwenye kesi ya waandishi dhidi ya Anthropic kuhusu nakala za vitabu zilizopakuliwa kwenye maktaba za kiharamia, makubaliano ya 2025 yalikuwa dola bilioni 1.5, kama dola 3,000 hivi kwa kitabu, na kitabu ambacho hakikusajiliwa kwenye ofisi hiyo kwa wakati hakikuingia kwenye orodha. Mwandishi wa huku aliyeuza Amazon bila kusajili alibaki anasoma habari tu.

Tengeneza folda moja: faili asilia za kazi zenye tarehe, zile skrinshoti za setingi, nakala ya robots.txt kila unapoibadilisha, mikataba. Unaweza pia kuingiza anwani ya ukurasa wako kwenye Wayback Machine ya Internet Archive ikahifadhi nakala yenye tarehe, hiyo ni bure na tarehe yake hukuipanga wewe.

Halafu kila baada ya miezi michache ingia cPanel kwenye kumbukumbu za wageni, tafuta majina uliyoyakataza. Ukikuta GPTBot amegusa robots.txt akaondoka, vizuri, amesoma. Ukikuta jina ulilolikataza linazoa kurasa, kwanza angalia namba za IP (anwani za kompyuta alikotokea), kampuni kubwa kadhaa zinachapisha orodha ya namba za roboti wao na matapeli wanapenda kujivisha majina yao, zisipolingana piga bloku kwenye seva, zikilingana waandikie barua pepe ukiambatanisha mistari ya kumbukumbu na tarehe uliyoweka katazo. Na siku hiyohiyo uangalie kama kuna jina jipya la roboti la kuongeza kwenye orodha, maana yanaongezeka kila mara.